Jukwaa la Wanakijiji wa Kamiriithu

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Habari tunayoileta mbele yenu ni ya michezo ya kuigiza, nayo yahusu kijiji kimoja, Kamiriithu, karibu na Limuru katika nchi ya Kenya. Tumekichagua kwa sababu mbili: kwanza, wenyeji wake walijenga kitu kwa mikono yao wenyewe; pili, kitu kile kilizuiwa kwa karatasi, na karatasi ndiyo kazi yetu sisi watumishi wa Serikali.

Mwaka 1976 watu wa Kamiriithu walianza darasa la watu wazima katika kituo chao cha elimu na utamaduni. Wakulima na vibarua walijifunza kusoma na kuandika kwa Kikuyu, lugha yao. Kisha lilikuja shauri la mchezo. Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliandika Ngaahika Ndeenda, yaani 'Nitaoa nitakapopenda', habari ya mtu maskini anayepoteza ekari yake moja na nusu kwa hila za matajiri.

Lakini mchezo haukubaki mali ya waandishi. Mazoezi yalifanywa hadharani, kila apitaye akatazama. Mchezaji alipotumia usemi usiolingana na umri au heshima ya mtu anayemwigiza, wazee walimsahihisha papo hapo. Wengine walileta nyimbo walizozijua. Mfano wa jukwaa ulifanyizwa kwanza kwa njiti za kibiriti, halafu wanakijiji wakajenga uwanja usio na paa, wenye nafasi ya watu zaidi ya 2,000. Nairobi ilikuwa na Nyumba ya Michezo ya Taifa tangu mwaka 1952, lakini lugha iliyotawala pale ilikuwa Kiingereza. Huku Limuru, mtazamaji alikuwa pia fundi, mwalimu na mkosoaji.

Mchezo ulifunguliwa tarehe 2 Oktoba 1977, na watu walifika hata kutoka mbali. Tarehe 16 Novemba leseni iliondolewa. Tarehe 31 Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o alikamatwa, akawekwa kizuizini karibu mwaka mzima pasipo kuhukumiwa. Mwezi wa Machi 1982 kituo kilipigwa marufuku, na tarehe 12 polisi waliubomoa uwanja.

Mabibi na Mabwana, leseni ni karatasi ndogo. Yuko aiandikaye, yuko aipigaye chapa, yuko aitiaye mhuri. Hatusemi kwamba karani aweza kuipinga amri ya mkubwa wake. Twasema kwamba kabla ya amri yako shauri na taarifa, na mara nyingi taarifa ile huandikwa na mmoja wetu. Je, aliyeiandika alikwenda kuutazama mchezo? Je, aliwasikiliza wenyewe? Mtu asiyekwenda huandika hofu yake, na hofu ikitiwa mhuri hugeuka kuwa sheria.

Kwa hiyo twaomba mambo matatu. Kikundi cha michezo kikileta maombi, yasilale mezani. Tukitakiwa maoni, twende kwanza tukaketi pamoja na watazamaji. Na lugha ya wenyeji tusiidharau, maana sanaa ya mahali haiwezi kukua kwa lugha ambayo watu wa mahali pale hawaichekei wala hawaililii.

Mwezi wa Mei 2022 Ngaahika Ndeenda iliigizwa katika Nyumba ya Michezo ya Taifa, Nairobi, kwa Kikuyu na kwa Kiingereza. Mchezo ulidumu, kwa kuwa ulikuwa umehifadhiwa kitabuni na katika kumbukumbu za watu. Jukwaa la wanakijiji lilikuwa limekwisha kubomolewa miaka 40 kabla ya hapo. Kujenga kulitaka kijiji kizima na miezi mingi. Kubomoa kulitaka siku moja tu.