Mpenzi wa Dansi wa Mwanga na Deni Lisilolipwa

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa umma)



Liko neno ambalo husemwa kwa wepesi sana maofisini na katika vyumba vya walimu, kwamba mpenzi wa dansi ni mtu wa anasa basi. Jumamosi anakesha ukumbini, Jumatatu anachelewa kazini, na mshahara wake unaishia mlangoni kwa mkata tikiti. Neno hilo lina ukweli wake na hakuna sababu ya kuuficha. Wako waliochelewa kazini. Wako walioacha sufuria tupu nyumbani wakaenda kumtunza mwimbaji. Lakini anayeishia hapo katika kumhukumu mpenzi wa dansi bado hajamfahamu, na hasa hajamfahamu yule wa Mwanga.

Mwanga, kama mjuavyo, iko kati ya bandari ya Kigoma na mji mkongwe wa Ujiji. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Mwaka uliofuata Wajerumani wakaishusha majini meli yao, wakaizamisha wenyewe mwaka 1916. Waingereza wakaiibua, na mwaka 1927 ikaanza safari upya kwa jina la Liemba. Muziki nao ulifuata njia hizo hizo mbili. Kutoka ng'ambo ya ziwa, Kalemie na Uvira, ilikuja rumba ya Kongo. Kutoka mashariki, garimoshi lilileta santuri, nyuzi za magita na habari za bendi za Tabora, Morogoro na Dar es Salaam. Mkazi wa Dar es Salaam aliletewa muziki uliokwisha chujwa na wengine; wa Mwanga aliuchuja mwenyewe.

Usiku ndio uliokuwa darasa lake. Redio ndogo iliwekwa dirishani, betri zilizochoka zikiwa zimeanikwa juani mchana kutwa ili zipate uhai wa saa mbili tatu. Mkono ukizungusha kisahani taratibu, ilisikika Dar es Salaam, halafu Bujumbura, halafu sauti za Kongo zikija na kupotea juu ya maji. Novemba 1969 wakuu wa Mkoa wa Pwani walipiga marufuku muziki wa soul katika Dar es Salaam, wakihofia kwamba vijana wanapotoshwa na mambo ya kigeni. Yafaa kujiuliza amri kama ile ingetekelezwaje Mwanga, mahali ambapo muziki wa nchi jirani huingia na upepo wa ziwa bila kugonga mlango.

Na hapa ndipo ilipo hoja ya mazungumzo haya. Mpenzi huyo, aliyekuwa huru kusikiliza kila kitu, hakumezwa na kila alichokisikia. Aliimba Kilingala bila kujua maana yake, ni kweli, na mengine aliyabuni njiani kwa kuwa sikio lilimdanganya. Lakini alipotoa fedha yake mlangoni alitaka pia wimbo unaomweleza habari za mkwe mkorofi, rafiki msaliti, au mke aliyeachwa na watoto. Alitaka kuelewa. Wanamuziki waliotoka Kongo wakaja kufanya kazi Tanzania waliyatambua hayo upesi. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, aliyefika Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy na baadaye akaongoza Super Matimila, alijenga jina lake kwa Kiswahili hadi alipofariki Desemba 2010. Orchestra Maquis nayo, pamoja na ufundi wote wa magita yake, iliimba Kiswahili mbele ya wapenzi wa Kiswahili. Hakuna wizara iliyotoa waraka wa kuwaagiza hivyo. Waliagizwa na wacheza dansi.

Walimu wana sababu ya pekee ya kulikumbuka jambo hili. Katika mkoa ambao watoto wengi huanza kusema kwa Kiha, Kiswahili cha kitabuni kilikuwa na msaidizi ambaye hakuwahi kulipwa. Mtoto aliyeshindwa kukariri beti darasani aliweza kuimba wimbo mzima wa bendi bila kukosea neno, pamoja na methali zake na mafumbo yake. Mwalimu alimwadhibu kwa la kwanza na hakumsifu kwa la pili.

Kigoma haikuwa ya kusikiliza tu. Ilikuwa na bendi yake, Lake Tanganyika Jazz, na katika bendi hiyo ndimo alimoanzia Shem Ibrahim Karenga, mzaliwa wa Bangwe, katika miaka ya 1960. Baadaye alipanda garimoshi akaenda Tabora, akajiunga na Tabora Jazz, wana Segere Matata, na huko ndiko nchi nzima ilikomjua, hasa kwa wimbo wa Dada Asha. Tazameni mzunguko huo ulivyo. Kijana alitoka kando ya ziwa, sauti yake ikanaswa katika kanda mbali na kwao, kanda ikapigwa Dar es Salaam, na mawimbi yakamrudisha Mwanga kupitia kile kiredio cha dirishani. Waliomjua tangu utoto walimsikia kama wanavyosikia taarifa ya habari. Walifurahi, na walikuwa na haki pia ya kuona uchungu kidogo.

Siku bendi kutoka mbali ilipofika yenyewe, mambo yalikuwa mengine kabisa. Vyombo vilishushwa na vijana ambao hawakuajiriwa na mtu, walitaka tu kusema kwamba waliibeba tumba. Mapema jioni hakuna aliyecheza. Wapenzi walisimama wakisikiliza kama mahakimu: besi imekaa sawa? Mpiga solo ni yule yule wa kwenye redio, au wameleta mwingine? Mwimbaji alieleza kisa chake polepole, beti kwa beti, na ukumbi ulikuwa mtulivu kwa kiasi ambacho mgeni angeshangaa. Kisha ikafika chemko, magita yakaanza kujibizana, tarumbeta na saksofoni zikaingia, na mahakimu wote wakayaacha majoho yao. Mwenye noti aliipeleka jukwaani akiwa anacheza na kuibandika kwenye paji la uso wa mwimbaji. Asiyekuwa nayo alitunza kwa kitambaa cha kufutia jasho.

Mpenzi wa kweli aliijua mitindo kama mkulima anavyozijua mbegu zake. Saboso ilikuwa ya Western Jazz. Sikinde ilikuwa ya Mlimani Park, bendi iliyoanzishwa mwaka 1978. Msondo ilikuwa ya bendi ya wafanyakazi, ambayo ilizaliwa mwaka 1964 ikiitwa NUTA Jazz, ikawa JUWATA, ikawa OTTU. Maquis ilijiita wana Kamanyola, na jina hilo huko Dar es Salaam lilikuwa jina la mtindo tu, ilhali kwa wasafiri wa pande za Uvira na bonde la Ruzizi Kamanyola ni mahali, mtu anaweza kushuka garini akanunua ndizi. Mwaka 1985 Orchestra Safari Sound ilipowachukua wanamuziki sita wa Mlimani Park kwa mpigo mmoja, akiwamo Muhiddin Maalim Gurumo, habari ile ilijadiliwa kwa uchungu ule ule unaotumika kwa mchezaji wa Simba aliyevaa jezi ya Yanga.

Sasa lije suala la fedha, ambalo watumishi wa umma wanalielewa zaidi. Bendi nyingi za wakati ule zilimilikiwa na vyama, mashirika na taasisi. Vyombo vilikuwa mali ya mwajiri, na mwanamuziki alipokea mshahara. Mpango huo ulikuwa na heshima yake, kwa maana ulimtoa mpiga gita katika uzururaji ukamweka kwenye orodha ya malipo. Lakini nyimbo zilirekodiwa katika studio za Radio Tanzania, na nchini hapakuwa na kiwanda cha kufyatua santuri. Kazi hiyo ilifanyika Nairobi. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa mwaka 1977, ukafunguliwa tena mwaka 1983. Katika miaka hiyo mtu wa Mwanga aliyetaka santuri mpya ya bendi ya nchi yake mwenyewe alikuwa na kazi kubwa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki iliyoleta COSOTA ilipitishwa mwaka 1999, wakati ambapo Mbaraka Mwinshehe alikuwa ameshakufa miaka ishirini iliyopita, katika ajali ya gari ya Januari 1979 huko Kenya. Kwa muda wote huo, malipo pekee ambayo mwimbaji aliweza kuyaona kwa macho na kuyatia mfukoni usiku ule ule ni noti ya mpenzi. Yule anayeitwa mtu wa anasa ndiye aliyekuwa akiziba pengo lililoachwa na sheria.

Mwaka 2012 waimbaji vijana wenye asili ya Kigoma, Diamond Platnumz na Mwasiti wakiwa miongoni mwao, walijikusanya kwa jina la Kigoma All Stars wakatoa wimbo wenye jina la Kiha, Leka Dutigite. Mkoa mzima ulishangilia, na ulikuwa na sababu. Hata hivyo wazee wa dansi waliweza kuona kilichobadilika. Hao walikuwa waimbaji. Mpiga besi, mpiga rizimu na mpuliza tarumbeta hawakutajwa, kwa kuwa nafasi zao katika muziki wa siku hizi zimechukuliwa na mashine. Si kosa la vijana. Gita la umeme, vipaza sauti na seti ya ngoma ni gharama, na mahali pa kujifunzia hapapo.

Karenga alifariki Desemba 2014. Kanda za Radio Tanzania zimerithiwa na TBC, nazo ziko Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita elfu moja kwa reli kutoka stesheni ya Kigoma. Kilichobaki Mwanga ni madaftari. Ni madaftari ya shule yenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma, ambamo wapenzi walinakili maneno ya nyimbo kutoka redioni, mstari mmoja leo, mstari wa pili siku wimbo utakapopigwa tena, na pembeni majina ya wapigaji na tarehe ya dansi. Mengi yameliwa na mchwa. Wenye madaftari hayo ni watu wa miaka sabini na zaidi, na wengi wao walisomesha watoto walio wanafunzi wenu au makarani wenzenu. Shule ina wanafunzi wenye simu zinazonasa sauti, na ina saa mbili za mchana siku ya Ijumaa ambazo ratiba haizitumii vizuri. Ofisi ya utamaduni ya wilaya ina kabati. Wazee wenyewe wanapatikana sokoni Mwanga jioni, na hadi leo hawajakubaliana ni nani aliyepiga solo katika Dada Asha.