Tone la Damu na Jibu Lake: Vipimo vya Haraka vya Mzio Busia na Malaba



Hapa Busia ni nadra kumpata mzazi asiyekijua kipimo cha haraka cha malaria. Mtoto huchomwa kidole, tone la damu likawekwa kwenye kifaa, na baada ya robo saa mistari husomwa. Kimetuokolea watoto wengi, nasi tumezoea kukiamini. Sasa vipo vipimo vya mzio vinavyofanana nacho kwa sura, na jibu hutoka baada ya dakika 20 hivi. Hofu yangu ni kwamba vikifika kwenye maduka ya dawa, kutoka Malaba hadi Port Victoria, tutavisoma kama tunavyosoma malaria. Hapo tutaumiza watoto.

Kipimo cha malaria husaka protini ya kimelea chenyewe. Cha mzio husaka IgE, kingamwili iliyotambuliwa miaka ya 1966 na 1967 na Kimishige na Teruko Ishizaka kule Denver, na S.G.O. Johansson na Hans Bennich kule Uppsala. Mstari ukitokea, maana yake mwili umejiandaa dhidi ya kitu fulani, tuseme njugu au yai. Hausemi kwamba mtoto akila atavimba midomo.

Kwetu jambo hili ni zito zaidi kwa sababu ya minyoo. Safura na kichocho hupandisha IgE mno, tena baadhi ya sukari za kichocho hufanana na zile za mimea, hivyo kipimo huweza kuzichanganya. Huko Ghana watafiti walikuta watoto wa shule wenye IgE ya njugu damuni, lakini ngozi zao zilipojaribiwa hazikuvimba, na njugu walikuwa wakila bila shida. Fikirieni basi mama wa Bunyala anayeambiwa na kipimo kwamba mwanawe asile njugu, mayai wala samaki. Amlishe nini? Na mtoto anayekohoa kando ya foleni ya malori Malaba huenda anaumizwa na moshi wa dizeli, ambao hauna IgE ya kupimwa.

Isije mtu akasema tuache dawa za minyoo kwa kuogopa kwamba minyoo ikiondoka mzio utaongezeka. Ugawaji ulioanza mwaka 1998 katika shule 75 za Budalang'i na Funyula, uliochunguzwa na Edward Miguel na Michael Kremer, ni fahari yetu. Ni kweli kwamba Entebbe, watoto wachanga wa akina mama waliopewa dawa hizo wakiwa wajawazito walipata ukurutu zaidi. Lakini katika visiwa vya Koome, Ziwa Victoria, watu walitibiwa minyoo mara kwa mara kwa miaka 3 na mzio haukuongezeka. Tuendelee kumeza dawa.

Mtoto akivimba uso au kubanwa pumzi dakika chache baada ya kula, usingoje kipimo chochote: mkimbize hospitali, anahitaji adrenalini. Kwa wengine wote, muuguzi amuulize mzazi kwanza mtoto alikula nini, muda gani ulipita, na nini kilitokea, ndipo damu itolewe. Naiomba kaunti isinunue vipimo hivi kabla havijajaribiwa kwa watoto wa hapa hapa, wenye minyoo na wasio nayo.