Kaburi Tupu na Dirisha Dogo

Masomo: Zaburi 27:10, Luka 15:11-32

Leo twataka kuwachukua safari ya mbali, hadi mji wa Florence katika nchi ya Italia, ambao wenyeji wake huuita Firenze. Halafu, Mungu akitujalia, tutarudi wote nyumbani, maana jambo lenyewe liko huku kwetu.

Tulikuwa tumekwenda Roma kwa mkutano wa makanisa. Mkutano ulipokwisha wenzetu walirudi Kenya, lakini tikiti yetu ya ndege ilikuwa ya siku tatu baadaye. Ni desturi ya mazungumzo haya kusema "sisi", lakini siku hizo tatu tulikuwa mtu mmoja tu, mwenye mkoba mmoja na maneno machache mno ya Kiitalia. Kwa garimoshi la mwendo wa kasi, kutoka Roma hadi Florence ni kama saa moja na nusu. Tukaona ni heri kwenda kutazama kuliko kukaa chumbani tukihesabu saa.

Msafiri aliye peke yake hujifunza mambo upesi. Akiona jambo zuri, hana wa kumwambia, "Tazama!" Akipotea, anapotea peke yake. Akiketi kula, kiti cha pili hakina mtu. Hata mkate ulitushangaza, kwa sababu watu wa sehemu zile huoka mkate wao bila chumvi, na hatukuwa na mwenzi wa kumuuliza kama kasoro ni ya mkate au ni ya ulimi wetu. Njia za mji wa kale ni nyembamba, na nyumba za mawe zimesimama pande zote mbili kama kuta. Kila tulipopotea tulitafuta kuba jekundu la kanisa kuu. Kuba hilo lilijengwa na fundi mmoja mashuhuri, Filippo Brunelleschi, kati ya mwaka 1420 na 1436, na anayetaka kufika juu hupanda ngazi 463. Tulizipanda. Miguu ilitukumbusha umri wetu, lakini huko juu mji wote ulikuwa chini yetu, na mto Arno, na vilima vya mbali. Tulimshukuru Mungu, kisha tukashuka polepole.

Basi, katika kuzunguka huko peke yetu tuliona mambo mawili ambayo hayajatutoka moyoni mpaka leo.

La kwanza lilikuwa ndani ya kanisa la Santa Croce, maana yake Msalaba Mtakatifu. Humo wamezikwa watu wakuu wa Italia. Yumo Michelangelo, mchongaji na mchoraji. Yumo Galileo, aliyechunguza nyota. Tena lipo kaburi kubwa la mawe lenye jina la Dante, mshairi mkuu kuliko wote wa taifa lile, ambaye alizaliwa papo hapo Florence. Tulisimama mbele yake kwa heshima, mpaka tulipofahamu ya kwamba kaburi hilo ni tupu. Dante hayumo.

Sisi Wakristo tukisikia habari za kaburi tupu, mioyo yetu hufurahi, maana twakumbuka asubuhi ile ya Pasaka. Lakini kaburi hili ni tupu kwa sababu nyingine, nayo ni ya huzuni. Mwaka 1302, wakati wa ugomvi wa siasa, wakuu wa Florence walimhukumu Dante kufukuzwa mjini, tena wakaamuru kwamba akikamatwa achomwe moto. Hakuiona tena nyumba yake. Alikufa katika mji wa Ravenna mwaka 1321, akazikwa huko. Baadaye jina lake lilipokuwa kubwa, watu wa Florence waliomba warudishiwe mifupa yake, na watu wa Ravenna wakakataa. Zaidi ya miaka 500 baada ya kufa kwake, wakamjengea kaburi hilo lisilo na mtu. Na mwaka 2008 baraza la mji lilipiga kura kuifuta ile hukumu. Ndugu zangu, hebu fikirini! Kumfukuza mtu ilikuwa kazi ya siku chache. Kumrudisha kumeshindikana kwa miaka mia saba.

La pili tuliliona katika uwanja mwingine, mbele ya nyumba ndefu yenye baraza na matao tisa mazuri. Nyumba hiyo nayo iliasisiwa na yule fundi Brunelleschi, mwaka 1419, kwa fedha za chama cha wafanya biashara ya hariri. Huitwa Nyumba ya Wasio na Hatia, na ilijengwa kwa ajili ya watoto wachanga waliotupwa na wazazi wao. Mtoto wa kwanza alipokelewa tarehe 5 Februari mwaka 1445. Alikuwa msichana, wakampa jina la Agata. Juu ya nguzo za baraza ziko picha za udongo zilizofanyizwa na Andrea della Robbia mwaka 1487. Ni vitoto vyeupe katika duara za rangi ya samawati, vimezungushiwa vitambaa, vimenyoosha mikono kana kwamba vyaomba kubebwa.

Mwisho wa baraza lipo dirisha dogo lenye vyuma. Hapo ndipo mama, mara nyingi usiku, alipompitisha mtoto wake ndani, akaenda zake bila kuulizwa jina. Karibu na dirisha yapo maandishi yanayoeleza kwamba desturi hiyo ilikoma mwaka 1875, na kwamba huruma haifungi mlango wake. Tusidanganyane, haikuwa paradiso. Wengi wa watoto wale walikufa wangali wachanga. Lakini waliokuwa ndani hawakusema, "Mtoto huyu ni wa dhambi, mrudisheni alikotoka." Walimpokea, wakaandika habari zake, wakamtafutia maziwa. Na nyumba hiyo hata leo ingali inahudumia watoto na akina mama.

Ndani tulionyeshwa visanduku vidogo, na katika kila kimoja kitu ambacho mama alikiacha pamoja na mtoto wake: ushanga, kipande cha kitambaa, nusu ya sarafu. Nusu ya pili mama alibaki nayo, ili kama Mungu angemjalia siku moja kurudi, vipande viwili vikutanishwe, ajulikane kuwa ndiye. Nusu nyingi zimebaki nusu mpaka leo.

Hapo, wapenzi, machozi yalitutoka. Watu walipita wakatutazama, na hatukuwa na wa kutuuliza, "Una nini?" Sasa twawaambia ninyi.

Miaka michache kabla ya safari hiyo tulikuwa mmoja wa wazee wa kanisa katika kikao fulani. Mbele yetu alisimama binti wa kwaya, mwanafunzi wa kidato cha tatu, ambaye alikuwa amepata mimba. Alikuwa ameshika leso mikononi akiikunja na kuikunjua. Hakuna aliyemwambia aketi. Kijana aliyehusika hakuitwa, wala jina lake halikuulizwa. Kikao hakikumaliza nusu saa. Binti alitengwa na ushirika, barua ikaandikwa, na mkono ulioiandika ulikuwa mkono wetu. Baba yake alipoisoma alimtoa nyumbani, naye akaenda kukaa kwa nyanya yake. Sisi tulifunga kwa sala, tukanywa chai.

Hatusemi kwamba dhambi si dhambi. Kanisa lisilokemea limelala. Lakini yule baba wa Luka 15 alijua vizuri mambo aliyoyafanya mwanawe, na bado alipomwona kwa mbali alimkimbilia. Hakungoja kikao. Na Daudi katika Zaburi ya 27 asema ya kwamba hata wazazi wakimwacha mtu, Bwana mwenyewe atampokea. Basi tulijiuliza pale dirishani: Je, Bwana alipotaka kumpokea binti yule, mikono yake hapa duniani ilikuwa mikono ya nani? Wafanya biashara ya hariri walikuwa wamejenga dirisha. Sisi wazee wa kanisa tulikuwa tumejenga ukuta.

Tuliporudi Kenya hatukukaa juma zima kabla ya kwenda kumtafuta. Ni matatu mbili na mwendo mrefu wa miguu. Nyanya yake alikuwa uani akipepeta maharagwe. Alitutambua. Hakuinuka. Akasema, "Mzee, umeleta barua nyingine?"

Wasikilizaji, tumehubiri miaka mingi, lakini hatujapata kusikia mahubiri makali kuliko swali hilo. Tulimjibu kwamba hatukuja na barua, tulikuja kuomba msamaha. Alinyamaza kitambo, kisha akamwita mtoto. Akatoka mvulana mdogo akikokota kigoda kikubwa kuliko nguvu zake, akakiweka mbele yetu, akasema, "Karibu." Yeye aliyefungiwa mlango kabla hajazaliwa ndiye aliyetukaribisha.

Mama yake hakutoka nyumbani siku ile. Mara ya tatu tulipokwenda ndipo alipotoka, akatusikiliza, akasema amesamehe. Hukumu yake imekwisha kufutwa katika kitabu cha kanisa, mbele ya wazee wote. Lakini hajarudi kwetu. Anafanya kazi ya ushonaji, na anasali katika kanisa jingine. Twamshukuru Mungu kwamba anasali. Hata hivyo jina lake limo kitabuni mwetu, na mwenyewe hayumo, nasi twajua ni kaburi la namna gani tulilolijenga.

Kwa hiyo twawasihi ninyi wazee wa kanisa: kabla hamjaandika barua, nendeni kwanza mkakae naye. Ulizeni pia habari za yule kijana. Nanyi akina baba, hasira ya jioni moja yaweza kukugharimu mtoto kwa maisha yako yote. Mwite angali hai. Usingoje kumjengea kaburi zuri.

Na wewe binti unayesikiliza peke yako, labda kwa sauti ya chini ili watu wa nyumbani wasijue, twataka ujue neno hili. Kama sisi tulifunga mlango, Mungu hakuufunga. Tafuta mama mmoja mcha Mungu umweleze shida yako. Usimtupe mtoto, wala usijitupe wewe mwenyewe. Nusu yako nyingine imo mkononi mwa Bwana, naye hajaipoteza.

Na tuombe.

Ee Baba yetu, utusamehe sisi tuliokuwa wepesi wa kufukuza na wazito wa kutafuta. Uwakumbuke wote walio mbali na nyumbani usiku huu, na wale waliofungiwa milango kwa jina lako. Utupe miguu ya kuwaendea wangali hai, na mioyo ya kuomba msamaha bila kujitetea. Twaomba haya kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.