Motokaa Ina Uso?

Kabla hatujaanza, mwalimu wa darasa achore ubaoni viduara viwili kando kwa kando, na chini yake mstari mmoja mrefu. Tazameni. Mnaona uso wa mtu, sivyo? Lakini pale pana chaki tu. Hata mtoto aliyezaliwa punde hupenda kuelekeza macho kwenye alama za namna hii kuliko nyingine.

Magari nayo ni hivyo hivyo. Simameni kando ya barabara ya Moshi, hapa Tengeru, siku ya soko. Taa ni macho. Wavu ulio mbele ya rejeta ni kinywa. Gari lenye kioo kikubwa na taa kubwa za mviringo hufanana na mtoto. Lenye taa nyembamba, zilizoinamia katikati, hufanana na mtu aliyekunja uso. Watu wa Dar es Salaam waliliita basi dogo la Toyota Hiace kipanya, na hakuna aliyewafundisha.

Fikirieni Land Rover, ambayo watu wa Arusha tunaijua sana. Ilianza kuuzwa Uingereza mwaka 1948. Zile za zamani macho yao yamekaribiana, yamo katikati penye wavu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 taa zilihamishiwa pembeni, kwenye madigadi, na uso ukawa mwingine kabisa. Sababu haikuwa urembo. Ilikuwa sheria za taa za nchi kadha. Mimi naona uso wa kwanza ulikuwa wa mcheshi zaidi, lakini taa za pembeni humsaidia ajaye usiku kutambua upana wa gari.

Mwaka 2012 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Vienna, nchini Austria, walitoa habari za uchunguzi wao. Waliwaonyesha picha za magari watu wa Austria na watu wa mashambani nchini Ethiopia. Wote walielekea kukubaliana: gari hili la kitoto, hili la kiume, hili kali.

Basi, hapa ndipo penye hatari. Mtoto wako anataka kuvuka barabara. Anaona gari linalotabasamu, naye anadhani limemwona na litasimama. Macho yale hayaoni kitu. Gari la upole likienda kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 kila sekunde, sawasawa na gari kali. Mfundisheni mtoto amtazame dereva, na angoje mpaka magurudumu yasimame kabisa.

Sasa fungueni madaftari. Andikeni: taa, wavu, bampa, rejeta. Angalieni vizuri herufi *mp* katika neno bampa. Kwa juma lijalo, kila mmoja achore uso wa gari moja alilolionea barabarani, na aandike majina hayo mahali pake.