Nani Aliwapa Kalamu?



Mimi ni karani wa mgodi. Mtu akikatwa mshahara, anakuja kwenye dirisha langu na maulizo mawili: Nani alitoa amri hii? Nilalamike wapi? Haulizi kama mwandiko wangu ni mzuri. Leo tuulize vilevile juu ya ofisi zinazoamuru mambo yetu toka inje ya nchi.

Mwaka 1900 Katanga iliwekwa chini ya Comité Spécial du Katanga. Wakubwa wake walikuwa 6: wane wa Leta, wawili wa kampani. Walikaa Bruxelles, lakini polisi yao ilikuwa hapa. Walishika kazi ya serikali mpaka 1910. Wazee wetu hawakuulizwa neno, wala hawakuwa na fasi ya kulalamika. Maulizo yote mawili hayana jibu.

Julai 1960 Umoja wa Mataifa ulifika. Hao waliitwa: Kasa-Vubu na Lumumba waliomba wenyewe. Pamoja na askari walileta waganga na mafundi. Basi ulizo la kwanza lina jibu. Lakini Septemba mwaka ule wakubwa wao walifunga viwanja vya ndege na redio ya Léopoldville, wakisema wanazuia vita. Waziri mkuu mwenyewe alinyimwa redio. Raia angelalamika wapi? Hesabu yao ilisomwa New York.

Mwaka 2022 nchi yetu iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki. Huko kila nchi ina wabunge 9, waliochaguliwa na bunge lake. Kule Arusha kuna korti: mkaaji yeyote anaweza kushitaki tendo la serikali ao la ofisi ya Jumuiya lililovunja mapatano, kama hapitishi miezi miwili. Haya ni majibu mazuri kupita yale ya zamani.

Lakini wandugu, dirisha lisilojulikana ni sawa na dirisha lililofungwa. Arusha ni mbali, na miezi miwili inapita mbio. Nani kati yetu anajua majina ya wale 9?

Basi tuandike barua, tutie sahihi wote, tuwaite waje hapa kambini watusomee hesabu yao. Kalamu na karatasi nitaleta mimi.