Pundamilia wa Rangi

Ukipanda gari la watalii kule Ngorongoro utamwona dereva mwenye subira ya ajabu. Pundamilia mmoja akiingia barabarani, dereva anasimama na kuzima injini. Hapigi honi. Anangoja mpaka kundi zima livuke, wageni wakipiga picha.

Baada ya saa chache dereva huyo huyo yuko Karatu mjini. Mbele yake yuko pundamilia mwingine, wa rangi nyeupe juu ya lami, na mama mwenye mtoto mgongoni ameshateremsha mguu. Safari hii honi inalia, taa zinamulikwa, na mama anarudi ukingoni mbio. Nimeyaona haya mara nyingi mno.

Kwenye mistari ile hakuna taa wala askari, kwa hiyo breki ni kazi ya dereva. Anatakiwa aondoe mguu kwenye mafuta tangu anapokiona kibao, si anapomwona mtu. Mwendo wa mjini ni kilomita 50 kwa saa. Anayekwenda 80 hukata mita 22 kila sekunde, na sekunde hiyo moja humwishia kabla hajakanyaga breki.

Lakini kosa baya kuliko yote ni kulipita gari lililosimama kwenye kivuko. Wewe unadhani mwenzako anashusha abiria, kumbe amemsimamia mtoto. Landrover ni ndefu na mtoto ni mfupi. Utamwona akiwa tayari mbele ya bampa lako. Na asubuhi, wakati magari yanawahi lango la Lodoare, ndio wakati watoto wanakwenda shule. Akiwapo mtu mwenye kibao cha kuwavusha, usisogee mpaka yeye mwenyewe arudi pembeni.

Penye taa, kama Arusha mjini, kazi ni nyepesi kidogo. Hata hivyo taa ya kijani haikupi ruhusa ya kumsukuma mzee aliyebaki katikati.

Ukishapita lango la Lodoare hakuna mistari tena. Vivuko vya huko ni njia za ng'ombe na mbuzi, navyo havina kibao. Wengi husimama vizuri, wakahesabu ng'ombe wa mwisho na kuondoka kwa kasi. Nyuma ya ng'ombe wa mwisho, ndani ya vumbi lile, kuna kijana mwenye fimbo. Naye bado hajavuka.