Tufunge mulango wa nyuma: mazungumuzo juu ya usalama wa ordinateri zetu



Leo hatutaongea juu ya barabara wala juu ya maji. Tutaongea juu ya ile mashini iko mbele yenu kwenye meza. Ndani yake muko na majina ya watu, namba za simu, picha, fasi za kukutania, na barua ambazo hazijatumwa bado. Kama mutu mwingine anasoma hiyo yote bila wewe kujua, haiko wewe peke yako utaumia. Kila mutu ambaye jina lake liko mule ndani ataumia pamoja na wewe.

Kuna programu mbaya ambazo Wafaransa wanaita « porte dérobée ». Sisi tuseme mulango wa nyuma. Nyumba yako iko na mulango wa mbele, na ufunguo uko mufukoni mwako. Lakini mutu alitoboa mulango mwingine nyuma, karibu na jiko, akaufunika na mifuko ya makala. Anaingia usiku, anatoka, na kufuli yako ya mbele haijaguswa.

Virusi vya zamani vilipenda kujionyesha: flashi ilijaa vitu vya ajabu, mashini ikazimika yenyewe. Mulango wa nyuma haupendi kelele. Kazi yake ni kukaa kimya. Unaweza kuandika kila herufi unabonyeza, kupiga picha ya ekrani, kufungua kamera na mikro, kuchukua faili zako. Tena unaweza kuweka kwenye mashini yako faili ambayo wewe haukuandika. Hilo la mwisho mulifikirie vizuri.

Hii haiko hadithi ya sinema. Mwaka 2012, wakati wa vita ya Syria, wanaharakati wa kule walipokea kupitia Skype programu moja. Waliambiwa itaficha mazungumuzo yao. Haikuficha kitu. Ndani yake mulikuwa DarkComet, programu ya kuongoza ordinateri ya mutu kutoka mbali. Mara nyingine ujumbe wa namuna hiyo ulitoka kwa akaunti ya rafiki, juu akaunti ya rafiki ilikuwa imekamatwa tayari. DarkComet iliandikwa na Mufaransa mumoja, Jean-Pierre Lesueur, akaigawa bure kwenye intaneti. Aliposikia namuna inatumiwa Syria, alitoa programu ya kuiondoa, na mwaka ule ule wa 2012 akaacha kuiendeleza. Lakini kopi zilikuwa zimekwisha kusambaa. Muone vizuri: hakuna mutu alivunja kufuli. Watu walifungua wenyewe, sababu waliamini rafiki.

Sasa, hapa kwetu mulango huu unaingilia wapi? Mara nyingi ni fasi tatu.

Ya kwanza ni programu za kuvunjwa, zile tunaita « crackées ». Tusidanganyane: mashini nyingi muji muzima ziko na Windows ao Office ya namuna hiyo. Ile programu ndogo ya kuziamsha inakuambia: zima kwanza antivirusi. Kiisha unaipa ruhusa zote. Kama mugeni anakuambia fukuza mulinzi mbele aingie, utamufungulia?

Ya pili ni faili yenye sura ya uongo. Unaona « communique.pdf », unafungua. Kumbe jina kamili ni « communique.pdf.exe », na Windows ilificha mwisho wa jina. Ingieni kwenye madirisha ya faili, kwenye « Affichage », muwashe « Extensions de noms de fichiers ». Dakika moja tu. Kuanzia hapo, kila kitu chenye kuisha na .exe ao .scr na kinajifanya barua ao picha, musikiguse.

Ya tatu ni flashi yenye kuzunguka kutoka sekretariati ya kuchapa hadi chuo, kutoka chuo hadi nyumbani.

Je, utajua namna gani kama umeingiliwa? Mashini kuenda pole haiko ushuhuda. Pengine ni ya zamani tu. Lakini kama antivirusi imezimika na inakatala kuwaka, kama taa ya kamera inawaka bila wewe kuiita, kama mega zinaisha na haukufanya kitu, kama marafiki wanapokea ujumbe wako ambao haukutuma, hapo mushituke. Na mujue pia: mulango uliotengenezwa vizuri hautoi alama yoyote. Njo maana tunapima hata kama hakuna maumivu.

Tuseme uko na wasiwasi. Fanya hivi, kwa mupangilio.

Moja, kata intaneti. Zima Wi-Fi, toa modemu. Anayeongoza kutoka mbali anahitaji njia. Bila njia, mikono yake inabaki inje.

Mbili, usiandike neno la siri hata moja kwenye mashini ile. Watu wengi wanakimbilia kubadilisha maneno ya siri pale pale, na mwizi anayasoma mapya yote. Chukua simu ao ordinateri nyingine unayoamini. Pale njo ubadilishe: kwanza email, kiisha vingine. Washa uhakikisho wa hatua mbili. Toa kwenye akaunti vifaa vyote usivyovitambua, na kwenye WhatsApp uangalie vifaa vilivyounganishwa.

Tatu, pima. Windows 10 na 11 ziko na antivirusi yao ya bure, Microsoft Defender. Ingia « Sécurité Windows », kiisha « Protection contre les virus et menaces », kiisha « Options d'analyse », uchague ile analizi ya « hors ligne ». Mashini itazima na kuwaka tena, itajipima kama dakika 15 mbele Windows haijaamka. Hii iko na maana kubwa: programu mbaya inajificha vizuri wakati sistemu inatembea, sistemu ikilala, inakamatwa rahisi. Lakini antivirusi isiyokuwa na habari mupya haioni adui mupya. Kama haikufanyiwa mise à jour muda mrefu, usitegemee jibu lake.

Ine, bonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja, uangalie « Démarrage », yaani programu zenye kuamka pamoja na mashini. Jina usilolijua, usilifute haraka. Litafute kwanza kwa simu. Wengine wamefuta kitu cha Windows yenyewe, wakaua mashini nzima mikononi mwao.

Tano, kama kweli mulango umeonekana, kusafisha peke yake hakutoshi. Aliyetoboa mulango mumoja aliweza kutoboa miwili. Dawa ya kweli ni kufuta yote na kuweka sistemu mupya. Okoa barua na picha zako, uzipime, programu usiziokoe. Flashi ya kuweka sistemu itengenezwe kwenye mashini safi, kutoka site ya Microsoft wenyewe. Inaomba flashi ya 8 GB kwa uchache.

Na hapa tuko na shida yetu wenyewe. Tunapeleka mashini kwa fundi, anafuta yote, kiisha anaweka Windows ya kuvunjwa kutoka flashi ile ile anayotumia kwa wateja wote. Umelipa makuta, na pengine mulango umerudi siku ile ile. Muulize fundi: hii sistemu imetoka wapi? Kama hauna makuta ya lisansi, iko njia: Linux Mint ao Ubuntu ni bure kabisa, na LibreOffice ya kuandika barua pia ni bure. Inaomba siku kadhaa kuzizoea. Ni bei ndogo.

Kitu kimoja tena. Kama munafikiri mutu anawafuata kwa makusudi, musifute mbele ya kuomba shauri, juu munafuta na ushuhuda. Zimeni mashini, muiweke. Access Now iko na huduma ya bure kwa wanaharakati na wanahabari, saa 24, na wanajibu Kifaransa.

Mwisho, tusigeuziane silaha hii. Kuna vijana wanaona ni ujanja kuweka programu ya kuchunguza kwenye mashini ya muchumba ao ya mwenzao. Ile haiko ujanja. Tangu mwaka 2023 inchi yetu iko na Code du numérique, na kuingia kwenye ordinateri ya mutu bila ruhusa ni kosa la kupeleka mbele ya tribinali. Na kama mashini ya mwenzetu imeingiliwa, tusimwite musaliti. Mutu mwenye kuogopa kuchekwa atanyamaza, na kimya chake kitatugarimu sisi wote. Aseme siku ile ile, tumusaidie siku ile ile.

Jioni ya leo, mbele ya kulala, kila mumoja afanye vitu viwili: awashe zile « extensions », na apime mashini yake. Kesho amuonyeshe mwenzake mumoja. Mulango wa mumoja ukibaki wazi, nyumba nzima iko wazi.